Fundi Aliyetufukuza Tukanywe Chai

Ukimpelekea pikipiki akufungie GPS, kitu cha kwanza Fundi alichofanya kilikuwa kukufukuza. "Kanywe chai," alisema, wala uso hakuinua. Ukimwambia umeshakunywa, alikwambia kanywe tena. Ukimwambia huna hamu, alikwambia basi ukawatazame wanaokunywa, lakini hapa pangu ondoka. Alisubiri mpaka akuone umevuka lami, umeingia kwenye mgahawa na umekaa, ndipo aliposhusha turubai la bluu mbele ya kibanda chake, akabaki humo ndani na pikipiki yako, wewe ukiwa huna la kufanya ila kutazama turubai.

Hapo ni Benaco, njia panda, ninapouza maharage na dagaa mpaka leo. Wageni wakilisikia jina la Benaco huuliza habari za kambi ya wakimbizi. Sisi tuliobaki huulizana bei ya maharage. Kibanda cha Fundi kilitazamana na meza yangu, kwa hiyo kwa miaka mingi nilimwona kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili, na Jumapili nilimsikia.

Nilimsikia kwa sababu aliimba kwaya, sauti ya chini, na aliimba akiwa nyuma ya wenzake karibu nusu ya ubeti. Wenzake wakishafika kwenye amina, yeye bado yuko kwenye haleluya. Mwalimu wa kwaya alipomweleza kwa upole, alijibu kuwa kwaya ndiyo inayokimbia. Hakuwahi kukubali kosa, si la wimbo, si la waya, si la jambo lolote chini ya jua. Liweke akilini jambo hili, maana mimi nililisahau siku ambayo lilitakiwa kunifaa.

Jina lake sikuwahi kulishika. Sote tulimwita Fundi, na mafundi wengine wa pale njia panda ilibidi waitwe Baba Fulani kwa majina ya watoto wao, kwa sababu cheo alishakichukua yeye. Mnyenyekevu hakuwa. "Umeme unaniogopa," alipenda kusema, akiwa ameshika waya kwa meno. Kifaa cha kupimia umeme chenye namba hakukitaka. Alikuwa na balbu ndogo ya indiketa aliyoiunganisha waya mbili, akigusa huku na huku iwake au isiwake. Tepu ya umeme hakuitumia pia. Kila kiungo alikizungushia utepe mwembamba alioukata kwenye tyubu ya baiskeli, akaukaza mpaka maji yasipate pa kupita. Ukiona waya imevaa mpira wa tyubu, ulijua mkono uliopita hapo ni wa nani.

Sasa sikia maajabu. Mtu huyu, aliyeijua pikipiki mpaka utumbo, aliogopa kuipanda. Hakuwahi kukaa juu ya pikipiki inayotembea, hata mara moja. Alikuja kazini na baiskeli yake nyeusi, na kilima kikimshinda aliisukuma. Siku alipofiwa na ndugu Biharamulo, madereva wote wa bodaboda, watu ambao wasingekuwa na taa wala honi bila yeye, walijitolea kumpeleka bure. Akakataa, akasubiri basi mpaka mchana. "Vitu hivi mimi nimevifungua," alisema. "Nimeona kilichomo ndani. Nyie mnapanda kwa sababu hamjui." Na hizo GPS zenyewe, alizofunga pengine kuliko fundi yeyote wa Ngara, hakuziamini kabisa. Yeye alikuwa na kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, kilichofungwa kwa huohuo mpira wa tyubu, na ukimwonyesha ramani kwenye simu aliigeuza juu chini akasema anaona tu mistari kama ya kiganja.

Kwao ni Wasukuma waliohamia Bisibo na ng'ombe wao, na ulimi wake haukutaka kuachana na nyumbani. Barabara kwake ilikuwa balabala, betri ilikuwa betli. Wanawake wote alituita mayu, yaani mama, tukubali tusikubali. Na mambo mengi aliyapima kwa ng'ombe. Mteja mmoja alipotaka GPS yake ifungwe juu, karibu na usukani, wezi waione waogope, Fundi alimtazama kwa huruma. "Kengele ya ng'ombe," alisema, "inamsaidia mwenye ng'ombe, na mwizi pia anaisikia."

Vita vyake vikubwa vilikuwa viwili. Vya kwanza vilihusu betri. Vijana wetu wana tabia moja: betri ya pikipiki ikifa, hawanunui nyingine. Wanaing'oa, wanapiga kiki, pikipiki inawaka, maisha yanaendelea. Mahali pa betri wanaweka kitambaa, spana, na wengine chakula cha mchana. Halafu mtu huyohuyo anakuja kwa Fundi akitaka afungiwe GPS. Siku moja Fundi alifungua kifuniko cha pembeni cha pikipiki ya kijana wa Kabanga, akakuta muhogo wa kuchoma umefungwa kwenye gazeti. Akauinua juu, sisi wa upande wa pili wa lami tuuone.

"Nikufungie wapi?" aliuliza kwa sauti. "Kwenye muhogo?"

"Fundi, si inawaka tu? Umeme wa injini upo."

"Umeme wa injini bila betli ni mlevi. Ukivuta mafuta unapiga kelele, ukiachia unalala. Utaunguza kifaa kabla hujafika kwenu. Nenda kanunue betli. Na muhogo wako huu, umepoa."

Vita vya pili vilikuwa dhidi ya mafundi wenzake. Wengi walichukua umeme wa GPS kwenye waya wa swichi. Ukiwasha pikipiki kwa ufunguo, GPS inapata moto. Ukizima, nayo inakatika. Walifanya hivyo ili betri isinyonywe pikipiki ikiwa imelala, na wateja waliwapenda kwa kuwa pikipiki haikuwasumbua asubuhi. Fundi aliwatukana hadharani. Yeye waya mwekundu aliupeleka betri moja kwa moja, ukipitia fyuzi ndogo, usijue habari ya ufunguo. "Mwizi akishafika anakotaka anafanya nini?" aliuliza. "Anazima. Na GPS yako inazima naye, wanalala pamoja kama mume na mke. Asubuhi utamtafuta nani?"

Nimeyasema haya yote ili ujue nilikuwa naishi jirani na mtu wa namna gani siku nilipompelekea pikipiki yangu.

Niliinunua kwa maharage ya misimu kadhaa, ila ya kupanda haikuwa yangu. Niliinunua kwa ajili ya mdogo wangu, wa mwisho kwetu, niliyembeba mgongoni mama alipokuwa anaumwa na niliyebaki naye mama alipoondoka. Alitaka kazi ya bodaboda kuliko alivyotaka kula. Mimi nilikuwa naogopa. Kutoka kwetu kwenda Nyakahura kuna msitu, na habari za msitu ule kila mtu anazo. Nikamwambia sawa, lakini lazima ifungwe GPS, na lazima ifungwe na Fundi, maana kwa maneno yake nilimchoka lakini kwa mikono yake sikuwa na shaka.

"Kanywe chai, mayu," akaniambia.

"Mimi? Jirani yako?"

"Hata wewe. Na kijana wako mchukue."

"Fundi, pikipiki hii ni yangu. Nataka nijue unaiweka wapi hiyo GPS."

"Ukijua, itakusaidia nini?"

"Nijue tu! Kilicho changu nisikijue?"

"Ini ni lako," akasema. "Umewahi kuliona?"

Nikavuka lami huku nasonya. Nilikunywa chai ile kwa hasira mpaka ikaniunguza ulimi. Na tangu siku hiyo nilimuuliza kila nilipomkumbuka. Nilimuuliza nikimuuzia dagaa, nilimuuliza tukitoka kanisani, nilimuuliza kwenye msiba. Jibu lilikuwa moja: kanywe chai. Mdogo wangu alicheka. Alisema yeye hajali iko wapi, mradi ipo. Mimi ni mtu ninayejali. Nyumbani kwangu hata sindano ina mahali pake.

Siku moja nilikuwa nasafisha siti, nikaifungua nitoe kitambaa kilicholowa, nikaona. Chini ya siti, nyuma kabisa, kilikuwepo kiboksi cheusi, kidogo kama kiberiti cha kasha kubwa, na waya zake zimevaa mpira wa tyubu. Nikawasha ufunguo, kikatoa taa ya kijani. Nikazima, taa ikazimika. Nikawasha tena. Nilicheka peke yangu pale uani mpaka kuku wakanishangaa. Baba wa maneno mengi, mtukana wenzake, kumbe na yeye amefunga kwenye swichi!

Sikungoja kesho. Nilivuka lami na kanga begani.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba, mayu."

"Chini ya siti," nikamwambia. "Nyuma. Na umefunga kwenye swichi, wewe unayewatukana Baba Fulani wote hapa."

Aliweka bisibisi chini, akaitazama barabara, akajikuna shingo. Kisha akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Nisamehe, mayu. Siku ile nilichoka. Usimwambie mtu."

Nilirudi kwenye meza yangu nikiwa nimevimba kwa ushindi. Ningekuwa na akili siku hiyo ningejiuliza: mtu ambaye hata Mungu akimwimbisha haleluya hakubali kuwa amechelewa, leo kaniomba msamaha mimi kirahisi hivi? Lakini mtu mwenye furaha haulizi. Jioni tukiwa kwenye ugali nikamweleza mdogo wangu kila kitu, mpaka rangi ya taa.

Ikapita miezi. Ikaja siku yenyewe.

Mdogo wangu alichukua abiria wa Nyakahura, mwanamume mpole mwenye mfuko wa rambo. Ilikuwa saa za mchana, mvua imetoka kunyesha. Katikati ya msitu abiria akaomba wasimame ajisaidie. Waliposimama, wenzake wakatoka kwenye nyasi na mapanga. Hawakuuliza kama GPS ipo. Waliuliza iko wapi.

Akawaonyesha. Alifanya vizuri, ningekuwepo ningewaonyesha mimi mwenyewe. Walifungua siti, wakakiona kiboksi na taa yake ya kijani, wakaking'oa na waya zake, wakakikanyagia kwenye lami. Mmoja akasema huyu tumkaange kidogo, labda kuna nyingine. Mdogo wangu alilia, akaapa kwa kaburi la mama yetu kuwa hajui nyingine. Yule abiria mpole akamtazama usoni kwa muda, kisha akamwambia mwenzake, "Mwache, huyu hajui kitu." Wakamfunga kwenye mti kwa mipira yake mwenyewe ya kufungia mizigo, wakaondoka na pikipiki.

Alijifungua akatoka barabarani, na dereva wa lori akamleta. Nilimwona akishuka pale njia panda, kifua wazi, matope mpaka kwenye nyusi, na nilimwaga sado nzima ya maharage nilipokuwa namkimbilia. Nilimshika kichwa, nikamshika mikono, nikahesabu vidole vyake kama nilivyovihesabu alipozaliwa. Nikasema pikipiki iende, iende kabisa, ikawabebe majambazi mpaka mwisho wa dunia, mimi nimepata changu. Nilimaanisha kila neno. Alipokuwa ananywa maji ndipo nilipokumbuka kuwa pikipiki ile ndiyo ilikuwa chakula chetu.

Nilimwendea Fundi. Sijui nilimwendea kumlilia au kumgombeza.

"Wameng'oa," nikamwambia. "Wameking'oa kifaa chako wamekikanyaga."

"Kijana?"

"Yupo pale."

"Wamemkata?"

"Hawajamkata. Wamempiga makofi wakamfunga."

Fundi alikaa juu ya sanduku lake la spana. Akachukua kitambaa cha grisi akajifuta uso, grisi ikamjaa mashavuni, hata hakujua. Ndipo aliponyoosha mkono.

"Toa simu yako, mayu. Tuma meseji kwenye namba ya GPS kama tunavyotumaga, ikujibu iko wapi."

"Nimtumie nani? Nimekwambia kimekanyagwa."

"Tuma."

Nikatuma ili tu aninyamazie. Simu ikalia palepale mkononi mwangu. Nilifungua ramani iliyokuja na jibu, nikaona alama nyekundu imetulia, upande wa njia ya Kabanga, mbali na lami, penye migomba. Haikusogea. Wezi walikuwa wameizima pikipiki na kuificha wakisubiri giza waivushe kwenda Burundi. Pikipiki ilikuwa imelala, lakini GPS ilikuwa macho.

Niligeuka nikamtazama. Alikuwa anacheka kimyakimya, tumbo likimtikisika.

"Ile ya chini ya siti ilikufa zamani," akasema. "Niliiwekea taa tu."

"Uliniomba msamaha, Fundi!"

"Niliomba. Iliniuma sana." Kisha akaacha kucheka. "Nilijua utachungulia, mayu, na ukishachungulia utamwambia. Mtu akisema uongo chini ya panga, jicho linamfichua. Kijana wako hakusema uongo."

Polisi wa kule Kabanga waliifikia kabla jua halijazama. Wezi walikimbia, pikipiki haikukimbia. Ilirudi na kioo kimoja kimevunjika na taka za migomba kwenye cheni, na mimi niliifuta kwa kanga yangu nzuri ya Krismasi, nikiimba. Kesho yake tuliipeleka kwa Fundi arekebishe kilichong'olewa. Nilimsogelea karibu, nikamwambia kwa heshima zote kwamba sasa, baada ya yote, naomba nijue ile nyingine iko wapi.

"Kanywe chai, mayu."

Nikaenda kunywa chai. Na turubai liliposhuka, safari hii nilikaa nimeligeuzia mgongo.

Fundi aliondoka Benaco macho yalipoanza kumwacha. Alianza kuunganisha waya kwa kupapasa, kisha akawa anamuuliza mteja huu ni mwekundu au wa kahawia, na kwa mtu wa siri vile hiyo ilikuwa aibu kubwa. Akapakia spana na baiskeli juu ya basi, akarudi Bisibo kwa watoto wake. Kibanda kikachukuliwa na muuza vocha. Turubai la bluu nililiomba mimi, ndilo linalofunika maharage yangu mvua ikinyesha.

Mwaka huu tulikwenda kumwona, mimi na mdogo wangu, kwa pikipiki ileile, nikiwa nimepakata sukari na dagaa wazuri wa Mwanza. Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba, anachambua karanga kwa vidole. Alituinulia uso kabla hatujasimama.

"Cheni imelegea," akasema.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mayu. Wabeja, asante kwa kuja. Mwambie kijana aikaze hiyo cheni."

Alikuwa amekonda, lakini majivuno hayakukonda. Aliniambia kwaya ya Bisibo nayo inakimbia. Aliniambia fundi wa pale senta anafunga GPS kwenye swichi na watu wanamshangilia. Tulikula karanga mbichi, tukasengenya nusu ya Benaco, nikacheka kama sijacheka muda mrefu. Mdogo wangu alikuwa kule pembeni ya nyumba, anakaza cheni na kubishana mpira na watoto wa Fundi, sauti yake inatufikia.

Kisha Fundi akashusha sauti. "Mayu, sogea. Nimekuwa nafikiri. Macho yamekwenda, na mimi nitafuata. Siku kile kifaa chako kikifa, nani atakibadilisha? Hakuna atakayekiona. Nimeamua nikwambie kilipo. Wewe peke yako, maana umeuliza kuliko wote. Leta sikio."

Na kweli alikuwa amejiinamisha, mkono ameuweka mdomoni, tayari. Miaka yote ile! Kwenye dagaa, kwenye kanisa, kwenye msiba. Nilisogeza kiti. Nikafungua na mdomo, kama mtu anayengoja kulishwa. Na papo hapo nikamsikia mdogo wangu kule pembeni akicheka, cheko lile la wazi la mtu asiyeficha kitu, na nikajijua mimi ni nani, na jioni kwenye ugali huwa nafanya nini.

Nikaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Usiniambie!" nilisema kwa nguvu, kama kiziwi. "Kikifa nitanunua kingine. Usiniambie, Fundi!"

Niliona mdomo wake unacheza, sikujua anasema au anacheka. Sikutoa mikono mpaka mabega yalipoanza kumtikisika na machozi kumtoka kwenye macho yale yasiyoona. Alipapasa, akanipata goti, akalipigapiga.

"Haya," akasema. "Sasa ingia ndani, chai iko jikoni."

Tulipokuwa tunaondoka, mdogo wangu aliniuliza njiani, akipigia kelele upepo, mzee alikuwa ananinong'oneza nini pale kitini. Nilimwambia sijui. Nikamshika kiuno vizuri, kwa kuwa msitu ulikuwa unaanza, na nikamwambia tena, sijui.